Neno Lililong'olewa Kifungu cha Saba

Walimwibia neno moja lenye herufi mbili, na wizi huo wakauita "marekebisho ya uchapaji".

Aliyeibiwa alikuwa wakili miaka mingi kabla ya kuwa mbunge. Mahakamani walimbatiza Mama Mkato, kwa kuwa aliwahi kusimamisha kesi asubuhi nzima kwa ajili ya mkato uliokaa pasipo pake. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vipuri, ikinuka grisi, na benchi la kusubiria halikukosa wajane waliotimuliwa na mashemeji kabla kaburi halijakauka. Alishinda kesi moja, zikaja tatu. Mwishowe akachoka kuteka maji kwa pakacha. Akaona aende huko sheria zinakotungwa. Akagombea ubunge, akapata.

Alisota bungeni karibu mihula miwili ndipo muswada wake ukapita. Kifungu cha saba kilisema: "Mjane au mtoto wa marehemu hataondolewa katika nyumba ya ndoa kabla mirathi haijafungwa." Wabunge waligonga meza. Mwenyekiti wa kamati, aliyesoma naye sheria darasa moja, alimkumbatia mbele ya kamera.

Sheria ilipoanza kutumika, mwalimu mmoja wa chekechea aliingia ofisini kwake na begi la nguo. Alikuwa amefiwa na mume, hawakujaliwa mtoto, na shemeji yake alikuwa amebadilisha kufuli.

"Sheria inakulinda, mwanangu."

"Hakimu amesema hainilindi, mama. Mpaka niwe na mtoto."

"Alikuwa amelewa?"

"Alinisomea. Shemeji amekaa pembeni, anatabasamu."

Shemeji mwenyewe alikuwa yule Mwenyekiti.

Mama Mkato akafungua sheria iliyochapwa: "Mjane na mtoto wa marehemu hataondolewa…" Aliyeng'oa "au" na kupachika "na" hakujisumbua hata kugusa kitenzi. Watu wawili, kitenzi cha mmoja! Hata wizi wameufanya kivivu.

Alimkuta Mwenyekiti kwenye mgahawa wa bunge, akifuta mafuta kidevuni.

"Nani kagusa kifungu cha saba?"

"Salamu kwanza, dada."

"Salamu baadaye. Nani?"

"Aa, makarani walikuwa wananyoosha uchapaji. 'Au', 'na', si viunganishi tu? Mbunge mzima unagombania kiunganishi?"

"Mke wa marehemu ndugu yako analala kwa jirani kwa sababu ya hicho kiunganishi."

"Hayo ya familia. Halafu tusidanganyane, yule hakumzalia ndugu yangu hata paka."

Meza ya pili ikaangua kicheko. Waheshimiwa! Watu wazima, ndani ya suti zilizolipiwa na kodi za wananchi, wanacheka tumbo la mjane huku wanachokonoa meno. Mama Mkato aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia mwenzake wa darasani.

"Kuiba umeiba. Sarufi je, nani alikufundisha?"

Uchaguzi uliofuata, chama kikakata jina la Mama Mkato kwa kosa la "kukidhalilisha chama". Akarudi juu ya duka la vipuri, akalikung'uta joho lake vumbi, akaibeba rufaa ya mwalimu bila malipo. Serikali ikaleta kundi la mawakili kutetea "na". Wakaongea mpaka sauti zikawakauka, juu ya nia ya Bunge na hekima ya Bunge.

Mama Mkato aliposimama aliuliza swali moja: "Waheshimiwa majaji, huyu anayeambiwa 'hataondolewa' ni yupi kati ya hao wawili?"

Wakili mkuu wa serikali alifunua karatasi zake, akazifunika, akaomba maji.

Wakati majaji wakitafakari, Mwenyekiti aliiuza nyumba. Mnunuzi aliibomoa, akamwaga zege la kuegeshea magari.

Tarehe 9 Juni 2021, Mahakama ya Rufani iliamuru neno "au" lirudishwe katika kifungu cha saba, kwa mashauri yote yatakayofunguliwa kuanzia siku hiyo. La mwalimu lilikuwa limefunguliwa kabla.