Nilimvua Saa Marehemu, Nikamdanganya Mjane Wake

Nilimwibia maiti, halafu nikamdanganya mke wake. Nimeanza na hilo ili usije ukanihurumia.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Migato. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa mchuuzi, niliacha kilimo cha pamba nikaanza kuchukua samaki wakavu Lamadi, kando ya ziwa, na kuwauza Bariadi.

Asubuhi moja nikiwa ufukweni kufuata mzigo, nilimkuta mwanamume amelala kwenye matete. Maji yalikuwa yamemharibu uso. Mkononi alikuwa na saa, na bado ilikuwa inatembea.

Sijawahi kuona saa kama ile. Ilikuwa mpya lakini imetengenezwa kwa sura ya kizamani, uso rangi ya maziwa, vitufe viwili ubavuni, na ndani yake kiduara cha nyekundu na buluu. Fundi saa aliniambia baadaye kwamba wazungu huitumia kuhesabia dakika wakishindana kwa mashua za tanga. Mkanda wake ulikuwa wa turubai, umeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Nikatazama huku na huku, nikaivua. Ndipo nikapiga yowe.

Watu wakaja, na mwenyekiti wa kijiji akaja. Hakuna aliyemtambua. Tulimzika siku ile ile, hapo hapo karibu na maji. Hata mimi nilishika jembe, saa ikiwa mfukoni. Ningeitoa, wangeuliza kambi za wavuvi na jina lingepatikana, kwa kuwa saa ile haikuwa na mwenzake ziwani.

Msimu uliofuata nilikuwa napanga samaki sokoni Somanda, pale Bariadi, saa nimeivaa. Mama mmoja akasimama mbele yangu, hatazami samaki.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, nikimwita mama.

Akainamia mkono wangu. "Hiyo saa umeitoa wapi? Mume wangu alipewa na mzungu aliyekuwa akinunua samaki. Huo mkanda nimeushona mimi, kwa kipande cha tanga."

Ulimi ukanitangulia. "Nilibadilishana na bwana mmoja, Mwanza."

"Lini?"

"Juzi juzi tu."

Akashika kifua. "Kwa hiyo ni mzima?"

"Mzima kabisa."

Alicheka huku machozi yanamtoka. Akaanza kuuliza yuko mtaa gani, analala wapi, basi linaondoka saa ngapi. Nikaona atakwenda, atarudi bila kumpata, na atanirudia mimi.

"Usijisumbue, mayu," nikasema. "Ana mwanamke mwingine kule. Wana mtoto pia."

Uso wake ulivyobadilika sitasimulia. Niliivua saa nimpe, akausukuma mkono wangu. "Baki nayo. Kama ameitoa, ameitoa."

Niliiuza wiki ile ile, lakini maneno yangu yaliendelea kufanya kazi. Yule bwana hakuliliwa wala kuwekewa matanga. Mama yake mzazi alikataza jina lake lisitajwe nyumbani, akafa hivyo. Ukweni walisema mke ndiye aliyemkimbiza, wakamrudisha kwao na mapacha wake, Kulwa na Doto. Wanaume waliotaka kumwoa aliwakataa, maana alijiona bado mke wa mtu. Yote hayo niliyasikia sokoni, nikanyamaza.

Uzeeni nilimweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akahamishia godoro lake chumba kingine. Mpaka leo hajarudi.

Mwaka jana nilikwenda kwa Mama Kulwa. Nikasema yote nikiwa nimepiga magoti. Aliniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke?"

"Hakuwepo, mayu."

Akaweka mikono kichwani, akaanza kumlilia mumewe kwa jina, kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Majirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa.

Kulwa, sasa mtu mzima mwenye watoto, aliniambia nimpeleke kaburini. Tukafika Lamadi. Matete hayapo, pamejengwa, na maji yamekula ufukwe. Nilizunguka mpaka nikachoka. Mwishowe nikanyoosha kidole mahali ambapo sikuwa na hakika napo.

Akavua viatu, akasimama pale.

"Baba," akasema, "nimekutukana maisha yangu yote."

Wewe unayesoma haya, kama unajua mtu alikolala na ndugu zake hawajui, nenda ukaseme leo. Usingoje mpaka uwe kama mimi, niliyemwonyesha mtoto wa watu udongo wowote tu.