Mkono wa Kushoto Ulioshuka

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sikuandika ili mcheke, wala sikuandika ili mnionee huruma. Najua mnapenda ngumi. Nawaona hapa Kariakoo mmebanana mbele ya maduka ya simu, pambano linaonyeshwa kwenye televisheni ya dirishani, na kila mmoja wenu ni jaji. Huyu ana pumzi, yule hana miguu, huyu kidevu chake cha glasi. Haya, mimi nawaeleza nilivyojifunza kumpima bondia. Nilijifunza kwa mtu wa damu yangu, na sikupenda.

Kazi yangu ni kukanda. Shule niliishia darasa la nne, lakini mikono yangu imesoma. Nilianza na wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, siku arobaini za maji ya moto na kitambaa. Baadaye wakaletwa waliopooza upande mmoja. Mwisho wakaja mabondia, kwa sababu nyuma ya mtaa wetu kuna banda la mazoezi na mwalimu wa pale aliona mimi ndiye wa karibu. Bondia ukimkanda unamjua kuliko wanaompigia makofi. Mwenye kifua kipana mara nyingi kiuno chake kibovu. Mwenye ngumi nzito, bega limeanza kulika. Anayejisifu hasikii maumivu, huyo mwogope zaidi, maana maumivu ni mlinzi, na yeye kamfukuza mlinzi wake.

Mjukuu wangu nilimlea mimi, mama yake alifariki mapema. Alikuwa mtu mzima, ana miaka ishirini na minane, alfajiri anashusha marobota ya vitenge kwenye malori, jioni yuko bandani. Uzito wa juu. Hapa mjini wa uzito huo ni wachache, kwa hiyo akitokea mmoja anayeweza kusimama raundi nane, kila mtu anamwita mwanangu.

Jumamosi moja alipigana Ilala, ukumbini, na mtu mrefu aliyevuka kwa kivuko kutoka ng'ambo ya Magogoni. Mimi siendi kwenye ngumi. Nilikaa nyumbani mpaka niliposikia mtaa mzima unapiga masufuria, nikajua kashinda. Alirudi, akapita moja kwa moja chumbani. Tukaambiana amechoka.

Jumapili saa mbili asubuhi baraza langu lilikuwa limejaa. Alikuwepo mwalimu wake, alikuwepo fundi cherehani anayepanga chumba cha mbele, na mzee jirani yetu, ambaye zamani alikuwa akiadhini. Dada yake huyo bondia, mjukuu wangu wa kike, alikuwa anagawa chai na vitumbua.

"Bibi, umezaa chuma!" fundi akasema.

"Sikumzaa mimi. Kunywa chai."

"Yule mrefu kaenda chini mara mbili! Ile ya pili nikadhani anatafuta shilingi yake iliyodondoka."

Wakacheka. Mwalimu akainua mkono.

"Acheni ushabiki, tupime. Yule mrefu si mbaya. Ana subira, ana mikono mirefu, ngumi yake ya kunyoosha inafika kabla hujaiona. Ila tumbo laini, na ukimsukuma kwenye kamba anafumba macho. Sasa huyu wetu. Mkono wa kulia, mjini hapa hakuna mwingine. Kidevu ndiyo usiseme. Raundi ya tano kala makonde manne ya sikio, akacheka."

"Akacheka!" fundi akarudia, kama mtu anayeitikia mahubiri.

"Dosari yake moja tu, kushoto. Kuanzia raundi ya sita anaushusha mkono, uso unabaki wazi kama duka la mwendawazimu. Uvivu ule. Na wiki tatu zijazo tuna pambano jingine, mkataba uko mezani. Leo alasiri namchukua bandani, namwekea watu wawili wampige upande huo huo mpaka mkono ukumbuke kazi yake. Udongo uwahi ungali maji."

Hakuna aliyemuuliza kitu. Na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nasikia sifa, na sifa ya mtoto uliyemlea ni tamu, hata kwa mtu mkavu kama mimi.

Mjukuu wangu akatoka ndani. Jicho moja limefura, mdomo umepasuka, ndiyo ngumi zilivyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akakaa kwenye ngazi. Wakampongeza, akatabasamu. Akapewa chai, ikamtiririka pembeni ya mdomo, dada yake akampangusa akimtania, "Bingwa anatema chai kama mtoto." Baada ya muda kidogo akanigeukia.

"Shikamoo, bibi."

Nikaitika. Fundi akapiga paja.

"Mnaona adabu? Bingwa mzima, anamwamkia bibi yake mara mbili!"

"Malezi hayo," mzee akasema. "Siku hizi hawa wa mambo-poa hata mara moja hawakuamkii."

Wakanisifu mimi sasa. Niseme kweli, nilivimba kichwa. Nilikaa pale na kikombe changu, nimenyoosha shingo, kama mimi ndiye niliyeshinda ulingoni.

Kisha akaniamkia mara ya tatu.

Hiyo sikuitika. Nilimtazama. Alikuwa ananiangalia kwa furaha, kama mtu aliyeshuka basi sasa hivi baada ya mwaka mzima safarini, na hatujaonana. Nikaweka kikombe chini. Wale wanaume walikuwa bado wanacheka.

Nikamwambia dada yake, "Lete simu yako. Nionyeshe lile pambano la jana ulilotumiwa, raundi ya tano."

Sikujua kuangalia ngumi, nikaangalia mkono tu. Mwanzo wa raundi ya tano mkono wake wa kushoto uko juu, umesimama karibu na shavu kama ukuta. Likaja konde moja sikioni, likaja la pili, la tatu, la nne. Akacheka, kweli. Nikamwambia binti arudishe. Akarudisha. Kicheko kile kilikuwa cha nusu mdomo. Baada ya hapo mkono haukupanda tena mpaka kengele ya mwisho.

"Mwalimu," nikasema, "kabla ya makonde haya mkono haukuwa mvivu."

"Bi mkubwa, wewe kanda, mimi nifundishe."

Baraza likaangua kicheko. Nikamrudishia binti simu yake, nikaliacha. Hilo nalo ni kosa langu, liandikwe.

Mzee jirani akasema jamani, kabla hatujatawanyika tumshukuru Mungu, maana kijana katoka salama. Akaanza kuomba dua. Kila mtu akainua viganja, vichwa vimeinama. Mimi sikuinamisha changu. Mjukuu wangu alikuwa ameinua mikono yote miwili, sawasawa, kama wenzake. Dua ikaendelea. Mkono wa kulia ukabaki palepale. Wa kushoto ukaanza kushuka. Haukuanguka, ulishuka polepole, kama ndoo inayoteremshwa kisimani, kiganja kinageukia ndani, mpaka ukalala pajani. Na yeye alikuwa anaangalia mbele, hajui. Ukimuuliza angesema bado uko juu.

"Amina," wakasema.

Nimewakanda waliopooza miaka mingi. Mkono wa namna ile naujua.

Nikasimama. "Huyu haendi bandani leo. Anaenda hospitali."

"Kalalia mkono, umekufa ganzi," mwalimu akasema. "Mkande na maji ya moto, alale kidogo. Alasiri nakuja."

Na hapo ndipo mlipaswa kuwepo mjionee. Dada yake alikuwa ameshaenda uani kuwasha jiko la maji. Fundi alikuwa ameshatandika mkeka. Mjukuu wangu mwenyewe alikuwa amefumba jicho lake zima. Wote wanampenda, na wote wanamwandalia usingizi. Mimi usingizi ule niliuogopa kuliko ngumi zote alizopigwa.

"Maji hayo epua," nikamwambia binti. "Fundi, ita bajaji."

"Bibi, leo Jumapili..."

"Bajaji haina Jumapili."

Mwalimu akasimama mbele ya ngazi. Sikumgusa. Nilimwambia, "Wewe umempima kwa alichokipiga. Mimi nampima kwa alichokipokea. Pisha." Akapisha, lakini alipisha kama mtu anayemwacha mtoto aendelee na mchezo wake.

Ndani ya bajaji kichwa cha mjukuu wangu kilikuwa kizito begani kwangu. Nilimfinya sikio njia nzima asilale. Karibu na geti la hospitali akatapika juu ya kanga yangu, akaniomba radhi, kisha akaniuliza mimi ni nani.

Daktari alikuwa msichana mdogo, anaongea taratibu. Alisema damu imevuja ndani ya fuvu tangu usiku, inakandamiza ubongo. Alisema angelala tena asingeamka. Walimfungua kichwa siku hiyo hiyo.

Yule mrefu wa ng'ambo, aliyeanguka mara mbili, Jumatatu alikuwa kazini kwake. Nilipeleleza. Mwenye tumbo laini alianguka mapema, akapumzika. Wa kwetu mwenye kidevu alisimama, akaendelea kupokea. Kile mlichokiita nguvu yake ndicho kilichotaka kumzika, na kile mlichokiita udhaifu wa mwenzake ndicho kilichomrudisha kwao mzima. Mkipima bondia baada ya pambano, msianze na nani kainuliwa mkono. Angalieni nani anakumbuka alichokula jana yake.

Mjukuu wangu yu hai. Anatembea, anakula, majina mengine yanampotea. Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yameisha. Baada ya miezi minne mwalimu alikuja na mfuko wa machungwa. Akakaribishwa ndani, akakaa, akauliza hali kwa adabu. Kisha akamshika mjukuu wangu mkono wa kulia, akaupima uzito kwa kiganja chake kama anayenunua nyama buchani.

"Kulia ipo palepale, bi mkubwa. Kushoto itafundishika. Sisemi leo. Mwakani."

Nilimwangalia mjukuu wangu. Uso wake ulikuwa umewaka, na sikuwa nimeuona umewaka hivyo tangu atoke hospitali. Dada yake naye alikuwa anatabasamu, maskini, kwa kumwona kaka yake amefurahi. Mwalimu akamenya chungwa, akampa kipande.

Jioni ile nilipita ukumbini mwa nyumba yetu nikamkuta amesimama peke yake, anarusha mkono wa kulia hewani, taratibu, anahesabu. Alifika saba, akakwama. Akaanza tena moja.

Nikawaita wa nyumba nzima, wajukuu na wapangaji wa uani, wakasimama mbele yangu. Nikawaambia: "Kuanzia leo mwalimu akifika asipewe kiti. Aseme lake nje, akiwa wima, mlango umefungwa. Na mmoja wenu akae ndani na ndugu yenu, asitoke hata kwenda chooni, mpaka mtu huyo aondoke."