Ndevu za Firigisi

Nilipokuwa mtoto huko Busia, upande wa Uganda, firigisi ya kuku ilikuwa ya mwanamume mwenye nyumba, na mtoto wa kike hakuthubutu hata kuikodolea macho. Baba, aliyevusha mizigo mpakani kwa baiskeli, hakujali. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, basi aliikata katikati, nusu yake, nusu yangu. Siku moja mama yake alikuja kutoka kijijini kwao, Paya, akatukuta tukitafuna.

"Musichana nakula firigisi, atamea ndevu," Nyanya alisema. "Na nyumba yake itakaa bila mutoto."

Baba alicheka hadi akapaliwa. Nami nikacheka kumshinda.

Nilipoingia sekondari, ndevu zikaja. Nyeusi, ngumu, kidevuni. Hedhi nayo ilipotea miezi mingi, na ikirudi inanimaliza. Wenzangu waliniita Mzee. Nilijifunga kitambaa hadi kidevuni jua likiwaka, nikakaa peke yangu. Angalau benchi lote lilikuwa langu.

Siku moja Baba alinikuta uani na kioo, ninang'oa nywele.

"Ni mimi nilikuharibu, mama," akasema, akaondoka.

Tangu hapo hakugusa kuku, wala hakula tena na mimi. Tulikaa nyumba moja kila mtu na lawama zake, na nilimkosa sana.

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, Baba tumeshamzika, nilipopigwa skani Tororo. Daktari, mama mmoja mwenye haraka, alinieleza kwamba homoni zangu hazikuwa sawa na mayai ya uzazi hayakomai inavyotakiwa. Ndiyo sababu ya nywele zile na hedhi kupotea. Wanawake wengi wanayo hali hii.

"Nilikula firigisi," nikamwambia.

"Hata mimi nakula," akajibu. "Hakuna mtu amekukosea."

Haiponi kabisa, ila inatulizwa. Nameza vidonge, natembea kila jioni, soda nimeacha, mandazi bado tunapigana. Hata mtoto, alisema, inawezekana.

Nilitoka pale nikijua sikulaaniwa, na furaha ile sikuwa na wa kumpelekea. Nyanya simlaumu, alisema alichofundishwa. Ninayemlilia ni Baba, aliyekufa akiamini kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyoniponza.