A Iliyomezwa

Dada yangu alijifunza Kiingereza kwa kusikiliza redio, nyumbani kwetu Kamenge, miaka michache baada ya uhuru. Mwanafunzi wake nilikuwa mimi peke yangu. Jioni moja nilisoma neno "banana" kama tunavyosoma sisi, kila a wazi. Akacheka.

"Apana! Fungua kinywa kwa a ya katikati tu. Zile zingine mbili unazimeza. Si unajua *le* ya Kifaransa? Ni karibu na ile."

Hapo nikaisikia. Tangu siku hiyo niliikuta kila mahali, mwanzoni mwa "about", mwishoni mwa "sister". Herufi zilibadilika, sauti ikabaki ile ile, fupi na legevu.

Kisha dada akapata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza. Akaenda, akaolewa huko, miaka ikapita. Nilimkumbuka zaidi jioni, saa ya redio.

Siku moja tuliitwa posta, kule Rohero, tupokee simu yake. Mama alishika mkono wa simu kwa mikono miwili, nami nikasogeza sikio.

"Mama?"

A ya mwisho ilikuwa imemezwa.

"Ni nani huyu?" mama akaniuliza.

"Ni yeye, mama. Ongea naye."

"Mutoto wangu, unakula vizuri? Utarudi lini?"

Laini ikakatika kabla hajajibu. Tulikaa kwenye benchi tukingoja simu ilie tena, mpaka karani akaanza kufunga madirisha.