Meseji za Ojuok Baada ya Mazishi

Marehemu alinitumia meseji. Cheka usicheke, simu ninayo hapa.

Naitwa Maulida, nakaa Kiseke, kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa ziwani. Ojuok alikuwa mvuvi, na kila asubuhi alichovya kipimajoto ziwani akanitumia namba.

Namba ile ilikuwa muhimu kuliko mnavyodhani. Maji yakiwa na joto, dhoruba inapata nguvu, kama vimbunga vya baharini. Setilaiti huyapima kutoka juu, ila wingu likitanda haioni kitu. Hapo kompyuta inakisia tu.

Basi, ziwa likamchukua Ojuok. Mwili haukuonekana. Ndugu zake ni Wajaluo, wakafuata mila: wakaenda kwao Rorya, wakazika tunda la yago, lile refu la mti wa mvungunya, badala ya mwili wake. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Wiki iliyofuata nakunywa chai ofisini, simu ikatoa mlio wa meseji.

Ojuok: "25."

Nyie! Kikombe kilinitoka mkononi.

Nikapiga. Ikapokelewa. Nikasikia maji, na mtu anavuta pumzi. Ikakatwa.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nikawa nalala taa inawaka.

Bosi wangu Jonathan akasema, "Futa hiyo namba, dada. Acha kuchati na wafu."

Sikufuta. Niliogopa, ndiyo, lakini nilikuwa nimemkumbuka.

Siku moja wingu zito likatanda. Kompyuta ikasema ziwa litakuwa shwari. Simu ikasema: "28."

Haikuwahi kufika huko.

"Tuwazuie wavuvi wote kwa meseji ya maiti?" Jonathan akafoka.

"Oyoo, mdogo wake Ojuok, anaingia ziwani leo. Tukikosea watatutukana. Wakifa je?"

Akasonya, halafu akatuma onyo.

Jioni ziwa likachafuka vibaya. Mitumbwi iliyofungwa mwaloni ilipasuka, lakini hakukuwa na mtu ndani. Oyoo alinipigia analia.

Asubuhi nikaenda mwaloni. Nikamkuta Akinyi, mjane wa Ojuok, yuko ndani ya maji hadi kiunoni. Kipimajoto mkono huu, simu ya mumewe mkono ule.

Nikamwita: "Shemeji! Kumbe ni wewe? Umeokoa watu jana!"

"Watu gani?"

"Si unapima kwa ajili ya utabiri?"

Akatikisa kichwa. "Siku ile alivisahau nyumbani hivi. Nakutumia kwa sababu yeye alikuwa anakutumia. Ukipiga, nashindwa kusema."

"Sasa unapima nini?"

"Rorya tulizika tunda, Maulida. Yeye yumo humu. Napima nijue kama anasikia baridi."

Akanionyesha kipimajoto: 23. Dhoruba ilikuwa imevuruga ziwa, maji baridi ya chini yakapanda juu. Nilijua kabisa, nikashindwa kumwambia.

Akinyi akafungua kitenge alichojitanda mabegani, akakitandaza taratibu juu ya maji.

Jamani, msiharakishe kufuta namba ya marehemu. Huenda kuna mtu upande wa pili, na bado hajamaliza kumtunza.