Vipande Vitatu vya Halua

Eliécer Siachoque hakuwa bingwa wa baiskeli, wala hakuna aliyemdanganya kwamba angekuja kuwa. Kazi yake katika timu ilikuwa kumbebea nahodha, Leovigildo, maji na chakula. Mshahara kiduchu, lakini ulimtoa kwenye mashamba ya viazi ya kwao Boyacá. Asubuhi ya mashindano kocha, Don Abelardo, alimwambia wazi: ukifika nje ya muda, unarudi kwenye viazi vyako.

Kisha akamtilia vipande vitatu vya halua ya mapera kwenye mfuko wa mgongoni wa jezi. "Hivi vya Leovigildo. Vikipungua nitajua."

"Na mimi, Don?"

"Si umekunywa maji ya sukari guru? Tumbo jepesi ndilo linalopanda mlima, bwana."

Upuuzi mtupu! Mtu akikanyaga pedali saa tatu mfululizo, misuli hula sukari iliyoiweka akiba tangu jana. Ikiisha hiyo, mwili hugeukia mafuta yake, nayo huwaka taratibu kama kuni mbichi. Hata bibi yake Eliécer, mkulima wa viazi, alijua kwamba kikombe kimoja cha maji ya sukari hakimalizi tuta moja.

Bondeni, nahodha Leovigildo alianza kubaki nyuma. "Tangulia, kaka. Tutakutana mlimani."

Eliécer akatangulia. Kilomita ya tano ya mlima, miguu ikamwishia nguvu. Jasho la baridi likamtoka, barabara akaiona mbili. Aligeuka nyuma mara kumi, nahodha haonekani.

"Kula kitu, baba, umekuwa mweupe kama maiti," mama mmoja kando ya barabara alimwambia.

"Chakula ninacho, mama. Si changu."

Watu wakamcheka. Akashuka, akasukuma baiskeli huku analia, na mkono haukugusa mfuko. Alivuka mstari wa mwisho dakika nne baada ya muda kufungwa, akaanguka miguuni pa Don Abelardo.

"Leovigildo sikumwona, Don."

"Utamwonea wapi? Tumbo lilimkorofisha kulekule bondeni. Nimemleta kwa gari, njia ya mkato."

Nahodha alikuwa kiti cha mbele, anachambua paja la kuku.

Don Abelardo aliinama, akaingiza mkono kwenye ule mfuko wa mgongoni, akavitoa vyote vitatu.

"Mwaminifu kweli wewe," akasema. "Haya, vua jezi. Kesho anaivaa mwingine."