Mzee Aliyeomba Maziwa Yangu

Mtoto wangu alikuwa na miezi miwili nilipopanga chumba mtaa wa Muyeye. Baba yake alikuwa kazini mbali, na kwetu ni kijijini Sabaki, kwa hiyo pale uani sikuwa na mtu. Mlango wa pili walikaa wazee wawili kutoka visiwa vya kaskazini: mume mshona kofia, na mkewe ambaye siku nyingi sikumwona akitoka.

Asubuhi moja mzee alibisha hodi. Nilipofungua nilimkuta amenipa mgongo, mkononi ana kikombe kitupu cha kahawa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nina haja, na haya zimenishika."

Nilidhani anataka chumvi. Akaueleza ukuta, si mimi, kwamba mkewe ana ugonjwa wa sukari, na sasa kinywa kimeingia vidonda na utando mweupe. Hata uji haupiti. Dawa ya hospitali anatumia, ila moyo wake umeng'ang'ania maziwa ya mzazi, aliyomwona mama yake akiwatibia watu. "Mtoto wako akishiba, likibaki tone..."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwomba anisubiri hadi nirudi kutoka kliniki, maana siku hiyo mtoto alikuwa na chanjo.

Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu changu akaangalia vipimo. "Wewe huna ugonjwa wa kumwambukiza," alisema. "Lakini usimwahidi kupona. Kwa watu wazima jambo hili bado linachunguzwa. Dawa zake asiache hata siku moja. Wewe nawa mikono, chemsha kikombe, na ayatumie yakiwa mapya."

Basi kila asubuhi, mtoto akishanyonya, nilikamua kidogo nikapeleka. Siku ya kwanza bibi alisukutua polepole, akameza, akafumba macho.

"Matamu," alisema. "Sasa mie na mwanao ni ndugu wa kunyonya."

Mumewe aliruka kitini. "Ndugu gani, na wewe una wajukuu! Udugu huo ni wa watoto wachanga!"

Bibi alicheka, kisha akashika shavu kwa maumivu.

Wiki ya pili utando ulianza kupungua. Mchana mmoja nilimkuta anakula wali wa nazi, mzee amekaa mbele yake anahesabu matonge kwa furaha. Kama ni dawa au ni maziwa, sijui, na sijawahi kudai.

Ninachojua ni nilichopata mimi. Bibi alipopata nguvu alianza kumwogesha mtoto wangu, akanikanda mgongo kwa mafuta ya nazi, na chakula kikiiva aliniita kwa sauti ya kusikika ua mzima. Nilipotakiwa kurudi kazini, kufua mashuka hotelini, nilikuwa sijamwomba mtu anilelee mtoto. Bibi alinikuta nafunga kanga mlangoni, niende kutafuta mlezi.

"Kwangu kuna mkeka na kuna mie," alisema. "Unahangaika nini?"

Nililia mbele yake, sikuona haya.

Mtoto sasa ana miaka mitatu. Amejifunza kusema kwa bibi yule, hata maji huyaita "mai" kama watu wa visiwani. Tukienda Sabaki mama yangu humchokoza aombe maji tena na tena, apate kumsikia.